UZLA KATIKA UISLAMU: KUJITENGA NA WATU NA KURUDI KWA WATU



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Katika madrasa zetu liko swali ambalo wazazi hutuletea mara kwa mara, hasa Ramadhani inapokaribia. Kijana aliyekuwa mchangamfu ameanza kujitenga. Hakai tena na wenzake, chakula anawekewa mlangoni, masomo ameyaacha, na akiulizwa anajibu kwamba yuko katika uzla kama walivyofanya mawalii. Baba anaogopa kumkataza, asije akamzuia mja njia ya Mola wake. Mama naye anaogopa kunyamaza, kwa sababu anamuona mwanawe anakonda. Wafanye nini?

Tumeona jibu zuri la swali hili limo katika historia. Wako watu waliojitenga kwa ajili ya Mungu kabla ya Uislamu, na wako waliojitenga ndani ya Uislamu. Tukitazama walivyokwenda, walivyokaa na walivyorudi, tutapata kipimo cha kuwapimia watoto wetu, na sisi wenyewe pia.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Uzla ni kujitenga na watu. Khalwa ni kukaa faragha kwa ajili ya ibada, aghlabu kwa muda maalumu. Itikafu ni kukaa msikitini kwa nia ya ibada. Rahbaniyya ni utawa, yaani kuacha ndoa, mali na jamii maisha yote. Mambo haya manne watu huyachanganya, na kwa kuyachanganya ndipo makosa huanza.

WATAWA WA JANGWANI

Zaidi ya miaka 200 kabla ya kuzaliwa Mtume (s.a.w.), jangwa la Misri lilianza kujaa watu waliokimbia miji. Aliye mashuhuri zaidi ni Antonio wa Misri, aliyefariki mwaka 356. Alirithi mali kwa wazazi wake, akaigawa kwa masikini, dada yake mdogo akamweka katika uangalizi wa wanawake wacha Mungu, kisha akaenda jangwani. Inasimuliwa kwamba alikaa peke yake miaka 20 hivi ndani ya ngome iliyoachwa. Mmisri mwenzake, Pachomius, aliona kukaa peke yake kuna hatari, akawakusanya watawa waishi pamoja kwa kanuni moja, wafanye kazi za mikono na kula pamoja. Huo ndio mwanzo wa nyumba za watawa tunazozisikia mpaka leo.

Katika nchi ya Sham alitokea Simeon, aliyeishi juu ya nguzo ya mawe karibu na mji wa Halab kwa zaidi ya miaka 30, mpaka alipofariki mwaka 459. Jambo la ajabu ni kwamba kila alipozidi kuwakimbia watu, watu walizidi kumwendea kumtaka dua na ushauri. Huko Sinai nako, katika karne ya 6, mfalme Justinian wa Rumi alijenga nyumba ya watawa ambayo ingali imesimama.

Waarabu waliwajua watu hawa. Misafara ya Makureshi iliyokwenda Sham ilipita karibu na makazi yao, na vitabu vya sira vinamtaja Bahira, mtawa wa Busra, aliyemtambua Mtume (s.a.w.) akali kijana mdogo. Vinatueleza pia habari za Salman al-Farisi (r.a.), aliyetoka nyumba ya baba yake huko Uajemi akitafuta haki, akamtumikia mchaji mmoja wa Kikristo baada ya mwingine, kutoka Sham mpaka Mosul, Nisibin na Ammuriyya, mpaka safari yake ikamfikisha Madina. Tumkumbuke Salman, maana tutamrudia.

Qur'ani Tukufu imewataja watawa kwa uadilifu. Katika Sura ya 5 aya ya 82 wanasifiwa baadhi ya Wakristo kwa kuwa miongoni mwao wamo makasisi na watawa, nao hawafanyi kiburi. Katika Sura ya 57 aya ya 27 tunafahamishwa kwamba utawa ule waliuzua wenyewe, Allah hakuwafaradhishia, na wala hawakuuchunga kama ulivyostahiki kuchungwa. Wanachuoni wamefahamu hapa mambo mawili. Nia ya kumtafuta Mola haidharauliwi. Lakini mzigo ambao Mola hakuuweka, mwanadamu akijitwika mwenyewe, huenda ukamshinda njiani.

PANGO LA HIRA

Baadhi ya vijana hutujibu kwamba hata Mtume (s.a.w.) alijitenga pangoni. Ni kweli. Lakini tuisome habari ile yote.

Pango la Hira liko juu ya Jabal Nur, nje kidogo ya Makka ya zamani. Mama yetu Aisha (r.a.) anasimulia, katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari, kwamba kabla ya wahyi Mtume (s.a.w.) alipendezeshewa faragha. Alikuwa akichukua masurufu, akienda Hira kufanya ibada kwa siku kadhaa, kisha akirejea kwa Bi Khadija (r.a.) kuchukua masurufu mengine kwa siku nyingine.

Tuyatazame mambo madogo katika habari hii. Masurufu yalitoka nyumbani, kwa hiyo mke alijua mume yuko wapi na anafanya nini. Siku zilikuwa na hesabu. Na kila mara alirudi. Hata usiku ule mkubwa wa mwaka 610, wahyi ulipomshukia na moyo wake ukitetemeka, alishuka mlimani akaenda kwa mkewe, akafunikwa nguo na kutulizwa. Bi Khadija hakuwa nje ya habari ya Hira. Alikuwa ndani yake tangu mwanzo.

Baada ya kuhamia Madina mwaka 622, faragha ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa ni itikafu ya kumi la mwisho la Ramadhani, nayo ilikuwa ndani ya msikiti, mahali ambapo watu wanaswali mara tano kwa siku. Aisha (r.a.) anasimulia kwamba Mtume alikuwa akimwinamishia kichwa kutoka msikitini naye akimchana nywele akiwa chumbani kwake. Bi Safiyya (r.a.) alimtembelea usiku katika itikafu, wakazungumza, kisha Mtume (s.a.w.) akasimama kumsindikiza. Hiyo ndiyo khalwa ya mbora wa viumbe.

SAHABA WALIOTAKA KUZIDISHA

Hamu ya kuacha kila kitu iliwashika hata sahaba. Bukhari na Muslim wamepokea habari za watu watatu waliokwenda kuuliza ibada ya Mtume (s.a.w.) nyumbani kwake. Walipoelezwa, waliiona ndogo. Mmoja akaazimia kuswali usiku kucha daima, wa pili kufunga kila siku, wa tatu kutooa maisha yake yote. Mtume (s.a.w.) akawajulisha kuwa yeye anamcha Allah kuliko wao, na pamoja na hayo anafunga na anafungua, anaswali na analala, na anaoa. Akawaonya kwamba anayeipa mgongo sunna yake si katika yeye.

Sasa turudi kwa Salman. Mtume (s.a.w.) alimuunganisha udugu na Abu Dardaa (r.a.). Siku moja Salman alimtembelea nduguye, akamkuta Ummu Dardaa amevaa nguo za hali duni, hakujishughulisha na kujipamba. Alipomuuliza sababu, akajibu kuwa nduguyo huyu hana haja tena na dunia. Salman hakutoa hotuba. Alikataa kula mpaka Abu Dardaa, aliyekuwa amefunga, ale naye. Usiku Abu Dardaa alipotaka kuamka mapema kuswali, Salman alimwambia alale, mpaka ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku, wakaamka wakaswali pamoja. Kisha akamkumbusha kwamba Mola ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali zake wana haki, basi ampe kila mmoja haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), akasema Salman amesema kweli.

Katika watu wa Madina, Salman alikuwa ameishi na wachaji wa Kikristo na kula nao. Yeye ndiye aliyejua njia ile kwa macho yake, na yeye ndiye aliyemwona mke wa mwenzake akisahauliwa nyumbani.

Hata hivyo tusiseme kwamba uzla hauna nafasi. Iko hadithi katika Bukhari inayobashiri zama ambapo mali bora ya Muislamu itakuwa ni kondoo anaowachunga vileleni mwa milima, akiikimbiza dini yake na fitina. Saad bin Abi Waqqas (r.a.), mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo, alijiweka mbali Waislamu walipopigana wao kwa wao, akakataa kuinua upanga kwa upande wowote. Huo ulikuwa uzla wa kuepuka damu. Kukimbia dhuluma ni jambo moja, kukimbia wajibu ni jambo jingine.

IMAM GHAZALI: MIAKA 11

Katika historia yetu hakuna aliyetuelezea kujitenga kwake kwa uwazi kama Imam Abu Hamid al-Ghazali (r.h.). Alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasani, mwaka 450 H, sawa na 1058. Alisoma Nishapur kwa Imam al-Juwayni, na mwaka 484 H (1091) waziri mkuu Nizam al-Mulk akamteua kufundisha Nizamiyya ya Baghdad, iliyokuwa katika madrasa kubwa kabisa za zama zile. Wanafunzi wake walifikia 300. Alikuwa na umri wa miaka 33 hivi, ana cheo, mali na jina.

Mwaka uliofuata Nizam al-Mulk aliuawa, na baada ya wiki chache Sultani Malikshah naye akafariki. Dola ikaingia katika mizozo. Lakini kilichomshughulisha Ghazali kilikuwa ndani ya kifua chake. Anaeleza katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dhalal kwamba aliichunguza nia yake ya kufundisha, akakuta haikuwa safi kwa ajili ya Allah. Ilikuwa imechanganyika na kutaka jaha na sifa.

Kwa karibu miezi sita kuanzia Rajabu 488 H (Julai 1095) alivutwa huku na huku. Asubuhi anaazimia kuondoka, jioni azma inavunjika. Mwishowe ulimi ukafungwa. Alijilazimisha afundishe japo siku moja kuwaridhisha wanafunzi, maneno hayakutoka. Chakula hakikupita tena kooni, na mwili ukadhoofika. Matabibu waliitwa, wakasema maradhi haya yameanzia moyoni ndipo yakaenea mwilini, na hayana dawa mpaka moyo upate raha.

Mwezi wa Dhul-Qaada mwaka huo (Novemba 1095) akatoka Baghdad. Alidhihirisha kuwa anakwenda Makka, na moyoni alikusudia Sham, kwa kuchelea asizuiwe. Kabla ya kuondoka aligawa mali yake, akabakisha kiasi cha kumtosha na riziki ya watoto wake. Nafasi ya kufundisha ilishikwa na ndugu yake Ahmad.

Dameski alikaa karibu miaka miwili. Anasema alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkuu na kujifungia mlango mchana kutwa. Kisha akaenda Baytul-Maqdis, akawa kila siku anaingia katika Kubba ya Sakhra na kujifungia humo. Akazuru kaburi la Nabii Ibrahim (a.s.) huko al-Khalil, na hapo akaweka ahadi tatu: asichukue mali ya sultani, asiende kwa sultani, asiingie tena katika mijadala ya kushindana. Kisha akaenda Hijazi kuhiji.

Baada ya hapo, kwa maelezo yake mwenyewe, wito wa watoto ulimvuta kurudi nyumbani, ingawa hapo kabla alijiona kuwa mtu wa mbali kabisa na kurejea. Wanahistoria wameandika kwamba hakuacha nyuma yake ila mabinti. Alirudi Khurasani akaendelea kupenda faragha, lakini anakiri kwamba matukio ya zama, mambo ya familia na haja za maisha yalimchafulia utulivu wake, na hali safi aliipata kwa nyakati tu. Imam mkubwa kama yeye anasema hivyo! Basi kijana asivunjike moyo akiona nyumba yenye watoto wadogo haina kimya cha pango.

Dhul-Qaada 499 H (Julai 1106), waziri Fakhr al-Mulk, mtoto wa Nizam al-Mulk, alimtaka arudi kufundisha Nishapur. Ghazali alijiuliza tena kama kuendelea kujitenga kunatokana na dini au ni uvivu, kupenda raha na kuogopa maudhi ya watu. Akashauriana na watu wa nyoyo safi, wakamshauri atoke. Akatoka. Mwenyewe alihesabu muda wa uzla wake, akaukuta miaka 11. Akasema kwamba japo amerudi katika elimu, hakurudi kule alikotoka, maana zamani alifundisha elimu ya kupatia jaha na sasa anafundisha elimu ya kuachia jaha. Miaka ya mwisho alikuwa Tus, jirani na nyumba yake pana madrasa ya wanafunzi na makazi ya masufi. Alifariki tarehe 14 Jumada al-Akhira 505 H, yaani Desemba 1111.

KITABU CHA UZLA

Kazi kubwa iliyotokana na miaka ile ni Ihyaa Ulumid-Din, yenye vitabu 40 ndani yake. Cha 16 kinahusu adabu za uzla. Mtu angetaraji aliyejifungia mnarani awasukume watu wote minarani. Hakufanya hivyo. Aliweka hoja za pande zote mbili. Kwa wanaopendelea uzla aliwataja kina Sufyan al-Thawri, Ibrahim bin Adham na Fudhayl bin Iyadh. Kwa wanaopendelea kuchanganyika aliwataja kina Said bin al-Musayyib, Imam Shafii na Imam Ahmad bin Hanbal.

Kisha akahesabu faida sita za uzla: kupata wasaa wa ibada na tafakuri, kusalimika na maasi ya mikutano kama kusengenya na riya, kuepuka fitina, kuepuka shari za watu, kukata tamaa zao kwako na zako kwao, na kuepukana na wajinga. Upande wa pili akahesabu faida saba za kukaa na watu: kusoma na kusomesha, kunufaisha na kunufaika, kutiwa adabu na kutia adabu, kuliwazana, kupata thawabu za mambo kama kumzuru mgonjwa na kusindikiza jeneza, kujifunza unyenyekevu, na kupata uzoefu wa maisha. Hukumu yake ni kwamba haifai kusema moja kwa moja uzla ni bora au kuchanganyika ni bora. Inategemea mtu, hali yake na anaokaa nao. Na asiyejifunza elimu ya lazima, kujitenga kwake ni hasara, kwani atamuabudu Mola kwa ujinga.

Fikra hii imetufikia mpaka huku kwetu. Masharifu wa Alawiyya kutoka Hadhramaut waliithamini sana Ihyaa, na wanachuoni wa pwani waliosoma kwao wakaipokea. Tariqa ya Qadiriyya, ambayo katika waenezaji wake wakubwa ni Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, ilitoka pwani ikafika Ujiji na kandokando ya Ziwa Tanganyika. Katika tariqa, khalwa inajulikana. Lakini Sheikh Uways alikuwa msafiri na mwalimu wa watu, na waliotuletea dini bara walisomesha watoto, walifanya biashara na waliozesha. Faragha yao ilikuwa usiku, na mchana walikuwa na sisi.

TUWAPIME VIPI VIJANA WETU?

Kutokana na historia hii, tunawashauri wazazi na wanafunzi mambo yafuatayo:

1. Tuulize elimu. Anayetaka kujitenga, je, amesoma dini yake na ana mwalimu anayemuongoza? Ghazali alikuwa bahari ya elimu kabla hajapanda mnara.

2. Tuulize haki za watu. Nani anategemea jasho lake? Mama mgonjwa, mke, wadogo zake? Ghazali aliacha riziki ya watoto wake, na walipomwita alirudi.

3. Tuulize faradhi. Uzla unaomkosesha kijana swala ya Ijumaa bila udhuru si uzla wa dini.

4. Tuulize muda. Hira ilikuwa na siku zake, itikafu ina siku zake. Kujitenga kusikokuwa na mwisho ni kule kule kujitwika mzigo ambao hatukutwikwa.

5. Tuangalie afya. Kijana asiyelala, asiyekula, anayelia peke yake au kukata tamaa na uhai, asiachwe kwa kuitwa walii. Ulimi wa Ghazali ulipofungwa, watu wake waliita matabibu, na wala haikuwa aibu. Mpelekeni mtoto hospitali, kaeni naye, msikilizeni, na kisomo pia kiendelee. Dawa na dua hazigombani.

6. Tusiizime hamu yake. Akiwa mzima na nia yake ni njema, mpeni nafasi: saa moja ya alfajiri bila simu, chumba kimya baada ya Isha, itikafu ya kumi la mwisho pamoja na baba yake. Nyumba nyingi zetu hazina hata dakika kumi za kimya, kisha tunashangaa mtoto anapokimbia.

Wazazi wapendwa, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba muumini anayechanganyika na watu na kustahamili maudhi yao ana ujira mkubwa kuliko asiyechanganyika nao. Lakini hatuwezi kuwastahamili watu kama nyoyo zetu hazipumziki mbele ya Mola wetu. Kwa hiyo tunahitaji yote mawili, na kila moja lina wakati wake. Kijana akitoka katika faragha yake akawa mpole zaidi kwa mama yake, mwepesi zaidi wa kusaidia na mwenye hamu zaidi ya kusoma, tumshukuru Allah. Akitoka na kiburi, akiwaona wazee wake ni watu wa dunia tu, basi alikokaa hakukuwa Hira.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie nyoyo zinazompenda faraghani na hadharani, awahifadhi watoto wetu, awaponye walio wagonjwa wa mwili na wa moyo, na awarehemu wanachuoni wetu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.